Dabarani na Majitu Mekundu ya Mbinguni



Mazungumzo yetu ya usiku huu ni juu ya nyota za namna moja ambazo wataalamu wa falaki huziita majitu mekundu. Nami nimeyachagua kwa kuwa wakati huu wa mwisho wa Januari, mahindi ya Trans Nzoia yakiwa yamekwisha kuvunwa na kupukuchuliwa, na mvua za masika zikiwa bado zi mbali, mbingu za upande wetu huwa safi kuliko nyakati nyingi za mwaka, hata mtu atokaye nje ya nyumba yake mnamo saa tatu kasorobo za usiku hahitaji chombo chochote ila macho yake ili aone mojawapo ya majitu hayo likiwa juu sana, upande wa kaskazini kidogo wa utosi.

Njia ya kulitafuta ni nyepesi. Zitazameni kwanza zile nyota tatu zilizojipanga sawasawa katikati ya kundi la Jabari, upande wa mashariki. Kisha geukieni magharibi mkitafute Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogondogo zilizosongamana, ambacho wakulima na mabaharia wamekitegemea tangu zama za kale kwa kujua majira. Mkiuvuta mstari kutoka kwa zile tatu kuelekea Kilimia, jicho litakutana njiani na nyota moja kubwa, rangi yake baina ya wekundu na manjano. Hiyo ndiyo Dabarani. Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki mkuu wa Uajemi, aliitaja katika kitabu chake cha nyota thabiti alichokiandika mnamo mwaka 964, na sisi leo twajua jambo ambalo yeye hakuwa na njia ya kulipima, nalo ni kwamba iko mbali nasi kwa miaka ya nuru ipatayo 65, maana yake mwanga uingiao machoni mwenu usiku huu uliondoka huko kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa Nairobi mwezi wa Desemba 1963. Katika hesabu za falaki huo ni ujirani.

Jambo la kwanza la kuuliza ni rangi yake, kwani rangi ya nyota si pambo, ni kipimo cha joto. Mtu akisimama siku ya soko pale Chwele, mbele ya banda la mhunzi afuaye majembe na mapanga, ataiona elimu hiyo nzima ikitendeka juu ya makaa. Mivukuto ikianza kazi, ncha ya chuma huwa nyeusi kama ilivyotiwa. Kisha, joto likifika nyuzi 600 hivi za Selsiasi, hutoa wekundu wa giza ambao hauonekani ila kivulini. Likizidi 800, wekundu ule hukolea na kung'aa. Karibu na 1000 hugeuka rangi ya chungwa. Na fundi akikawia na koleo lake, chuma huingia manjano, kisha manjano iliyopauka kuelekea weupe, na cheche zikaanza kuruka, ndipo yeye hukitoa upesi na kukilaza juu ya fuawe, kwa kuwa ajua chuma kinataka kuungua. Kipimajoto hana, wala hakihitaji. Kanuni iyo hiyo ndiyo iitawalayo mbingu: Rijili, nyota ya mguu wa Jabari, ni nyeupe yenye kuelekea buluu kwa kuwa uso wake una nyuzi zipatazo 12,000, jua letu ni jeupe lenye umanjano kwa kuwa lina nyuzi 5500, na Dabarani, yenye nyuzi 3600 tu, ni nyekundu.

Walakini tusidanganyike na hilo neno "tu". Joto la nyuzi 3600 likikipata chuma hukigeuza mvuke, kwani chuma huchemka kikipita nyuzi 2860. Ubaridi wa jitu jekundu ni ubaridi kwa mizani ya nyota, si kwa mizani yetu. Hata hivyo una matokeo yaliyo dhahiri. Juu ya uso wa nyota za moto mkali, atomu haziwezi kushikana, kila moja hukaa peke yake. Lakini juu ya majitu yaliyopoa zaidi ya Dabarani, atomu huungana mbili mbili na tatu tatu, na mwanga wake ukipitishwa katika mche wa kioo huonyesha alama nyeusi pana za oksidi ya titani. Titani hiyo, ikiwa katika umbo jingine la oksidi, ni ile ile iliyochimbwa katika mchanga mweusi wa Kwale, huko pwani yetu.

Sasa twaja kwenye ajabu yenyewe. Kila mita moja ya mraba ya uso wa Dabarani, kwa kuwa imepoa, hutoa nguvu ya mwangaza isiyozidi sana sehemu moja ya tano ya ile itolewayo na mita moja ya mraba ya uso wa jua. Ilhali nyota nzima, mwangaza wake ukipimwa pamoja na umbali wake, hutoa takriban mara 400 ya jua. Hakuna njia ya kuyapatanisha mambo hayo mawili ila moja, nayo ni kukubali kwamba uso wa Dabarani ni mpana mno, karibu mara 2000 ya uso wa jua, na kwa hiyo kipenyo chake ni mara 44 ya kipenyo cha jua, yaani kilomita milioni 60 na zaidi. Ingewekwa pale lilipo jua, ingejaza nusu ya njia ya kwenda Utaridi.

Hoja hiyo, ambayo leo mwanafunzi wa sekondari aweza kuikokotoa kwa kalamu, ilingoja mpaka mwaka 1905 kupata mtu wa kuisimamisha. Mtu huyo alikuwa Mdenmarki Ejnar Hertzsprung, ambaye elimu yake ya kwanza ilikuwa kemia, naye alitambua kwamba nyota nyekundu si jamii moja bali ni jamii mbili zilizovaa rangi moja: nyingine ni hafifu na ndogo, nyingine ni zenye mwangaza adhimu na ukubwa wa kutisha. Henry Norris Russell wa Marekani alifikia jambo lilo hilo kwa njia yake mwenyewe, akalichora mwaka 1913 katika mchoro ambao hata sasa ndio mlango wa elimu ya nyota. Nasi Wakenya tuna mfano wetu wa jamii ile ya kwanza. Mwaka 2023 Muungano wa Kimataifa wa Falaki ulilikubali jina la Kimaa lililopendekezwa kutoka nchini kwetu, Orkaria, liwe jina la nyota moja nyekundu iliyo umbali wa miaka ya nuru 48, na sayari yake ikaitwa Enaiposha. Orkaria iko karibu nasi kuliko Dabarani, nayo ni nyekundu pia, lakini hakuna jicho la mwanadamu liwezalo kuiona bila darubini, kwa sababu kipenyo chake hakifiki robo ya kipenyo cha jua. Na mtu akizilinganisha hizo mbili atakuta kwamba Dabarani huishinda Orkaria kwa mwangaza zaidi ya mara laki moja, ingawa joto la nyuso zao halitofautiani sana. Yote hayo ni kazi ya ukubwa.

Wapo waliotaka kuuona ukubwa huo kwa kipimo, wasitosheke na hesabu. Mwezi wa Desemba 1920, juu ya mlima Wilson huko California, Albert Michelson na Francis Pease walifunga boriti ya chuma yenye urefu wa futi 20 juu ya darubini kubwa kuliko zote za zama hizo, wakaweka vioo kwenye ncha zake, wakaichanganya nuru ya nyota iliyoingia kwa upande huu na ile iliyoingia kwa upande ule, na kwa namna mistari ya nuru ilivyotoweka kadiri vioo vilivyosogezwa mbali, wakapata kipenyo cha Ibuti la Jauza, ile nyota nyekundu ya bega la Jabari. Ilikuwa mara ya kwanza nyota isiyo jua kupimwa upana wake. Haukupita muda wakaipima na Dabarani, wakapata upana wa sehemu moja ya 50 ya sekunde ya pembe.

Iko njia nyingine pia, nayo haikugharimu boriti wala vioo, kwani hufanywa na mwezi wenyewe. Mwezi katika safari yake hupita mara kwa mara mbele ya Dabarani na kuifunika; na ilhali nyota nyingine huzimika ghafla, Dabarani huchukua sehemu ndogo ya sekunde kuzimika, maana ukingo wa mwezi hauwezi kuufunika uso wake wote kwa mara moja. Mfululizo wa mwisho wa kufunikwa huko ulikwisha mwaka 2018, na mwingine utaanza mwaka 2033. Mwezi na Dabarani kukutana ni jambo lenye maana kubwa kwa jirani zetu Waborana wa Marsabit na wa kusini mwa Habeshi, ambao kalenda yao, kama alivyoieleza Asmarom Legesse katika kitabu chake juu ya mfumo wa Gada kilichotoka mwaka 1973, huitambua miezi kwa kuutazama mwezi ukisimama pamoja na nyota maalumu, na nyota ya mwezi wao wa tatu ni hii Dabarani.

Kutokana na kalenda hiyo ilizuka habari ambayo watu wa Kitale wana haki ya kuijua, kwa kuwa barabara iendayo mahali pa habari hiyo yaanzia mjini kwao, ikapanda Kapenguria, ikateremka Marich, ikavuka nchi kavu hadi Lodwar, na kutoka hapo hadi Kalokol karibu na Ziwa Turkana. Pale zimesimama nguzo 19 za mawe ya basalti, mahali paitwapo Namoratunga. Mwaka 1978 Mark Lynch na Lawrence Robbins walitangaza katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zimeelekezwa kwenye machomozi ya nyota za kalenda ya Waborana, Dabarani ikiwa mojawapo, kama zilivyochomoza miaka ipatayo 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Habari ilipokewa kwa furaha. Lakini mwaka 1982 Robert Soper alitoa hoja kwamba mawe yale yana usumaku ndani yake wenye kuweza kuipotosha dira, na vipimo vilivyotegemea dira havikuwa vya kuaminika. Na uchunguzi wa miaka ya baadaye umeziweka nguzo hizo katika zama za kale zaidi, miaka kama 5000 iliyopita, pamoja na makaburi ya wafugaji wa kwanza wa bonde la Turkana. Mimi naona wale waliozipenda sana nguzo walizitwisha mzigo ambao hazikuuomba, na kwa kufanya hivyo wakatufanya tusahau lililo kubwa zaidi: ikiwa mawe yanatazama nyota au hayatazami, wafugaji wa Kiborana wamelihesabu jitu jekundu katika kuipa majina miezi yao, na elimu hiyo haikuhitaji jiwe ili iwe kweli, kwa kuwa ilikaa na hukaa katika vichwa vya watu.

Na sasa tuingie ndani ya nyota, maana uso wake tumeuzungumza kiasi cha kutosha, na tabia yake ya ajabu iko moyoni.

Nyota katika ujana wake huishi kwa kuunganisha viini vya haidrojeni, vinne vikawa kiini kimoja cha heliamu, na katika kila muungano uzito kidogo hupotea, saba katika elfu, ukageuka nguvu. Ndiyo kazi ifanywayo na jua letu sasa hivi, kwa joto la nyuzi milioni 15 katikati yake. Heliamu inayozaliwa hukusanyika chini, wala haiwezi kuwaka kwa joto hilo. Haidrojeni ya katikati ikiisha, moyo wa nyota hukosa moto wa kuutegemeza, na uzito wa vyote vilivyo juu yake huusonga; ukisongwa hupata joto zaidi, na joto hilo huiwasha haidrojeni iliyouzunguka, ikawa ganda jembamba linalowaka kwa ukali ambao nyota haikuujua katika ujana wake wote. Kwa hiyo jambo hutokea ambalo akili huliona limepinduka: kadiri moyo unavyopungua na kukazana, ndivyo mwili wa nje unavyofurika na kutanuka, na kadiri mwili unavyotanuka, ndivyo uso wake, ukiwa umetandazwa mpana kupita kiasi, unavyopoa na kuwa mwekundu. Wekundu wa Dabarani, basi, ni dalili ya kwamba akiba ya katikati imekwisha, na ukubwa wake ni matokeo ya udogo wa moyo wake.

Ni mdogo kiasi gani? Chukueni ramani. Kutoka Kitale hadi Bungoma, kwa mstari mnyoofu apitao ndege, ni kilomita zipatazo 70. Tuseme kitovu cha Dabarani kimewekwa katikati ya mji wa Kitale, na uso wake umefika Bungoma, ukiufunika mlima Elgoni upande wa magharibi na sehemu kubwa ya vilima vya Cherangani upande wa mashariki. Kwa kipimo hicho, moyo wake wa heliamu ungetoshea ndani ya kiwanja cha mpira cha shule moja ya Kitale. Na katika kiwanja hicho umelala karibu thuluthi moja ya uzito wa nyota nzima. Kila sentimita moja ya ujazo wa moyo huo ina uzito wa zaidi ya kilo 10, wala si madini yoyote tuyajuayo, ni elektroni zilizosongamana mpaka mwisho wa msongamano, hata shinikizo lake halitegemei joto tena.

Kinyume chake ni mwili wa nje, ambao kwa wembamba wake hauaminiki. Ukiugawa uzito wote wa Dabarani kwa ujazo wake wote, pamoja na ule moyo mzito, utapata wastani ambao ni sehemu moja ya 50 ya uzito wa hewa tuivutayo hapa Kitale. Na tabaka za juu ni nyembamba kuliko hapo maradufu mengi. Laiti mtu angeweza kupitishwa ndani yake bila kuungua, angesafiri mamilioni ya kilomita katika kitu ambacho fundi wa maabara angekiita ombwe. Mvutano juu ya uso wake ni sehemu moja ya 60 ya mvutano wa dunia, hata nyota yenyewe hushindwa kuishika gesi yake, ikawa inatoka daima kama upepo mwepesi kwenda angani.

Moyo ukiendelea kusongwa mpaka joto lake lifike nyuzi milioni 100, heliamu nayo hushika moto. Hapo ile hali niliyoitaja, ya shinikizo lisilotegemea joto, huleta hatari: gesi ya kawaida ikipata joto hutanuka na kupoa, lakini moyo huu hautanuki, hivyo joto huzidisha moto na moto huzidisha joto, na kwa dakika chache nguvu inayozaliwa ndani hushinda ya mabilioni ya majua. Aliye nje hauoni mlipuko huo abadan, kwa kuwa nguvu yote hutumika kuufungua moyo uliokazana. Baada ya hapo nyota hunywea, ikatulia na kuchoma heliamu yake kwa muda wa miaka ipatayo milioni 100, rangi na mwangaza wake ukifanana mno na wa jitu ambalo halijawasha heliamu bado. Na ilikuwa mwaka 2011 tu ambapo wataalamu, kwa kutumia darubini ya angani ya Kepler, walipata njia ya kuyatofautisha hayo mawili, nayo ni kusikiliza mitetemo ya nyota, kwani moyo uliowaka na moyo usiowaka hautetemi kwa namna moja.

Heliamu ikiungua huzaa kaboni, viini vitatu vikiungana kuwa kimoja. Muungano huo ni mgumu mno kutokea, na mwaka 1953 Mwingereza Fred Hoyle alitoa hoja kwamba usingaliweza kuipa dunia kaboni tuionayo ila kama kiini cha kaboni kina hali moja maalumu ya nguvu ambayo wakati huo ilikuwa haijathibitishwa. Wanafizikia wa California wakaitafuta katika maabara, wakaikuta pale pale alipoielekeza. Mwaka mmoja kabla yake, Paul Merrill alikuwa ametangaza kwamba ameona katika mwanga wa majitu mekundu kadhaa alama za teknetiamu, elementi ambayo huoza yenyewe na haiwezi kudumu tangu kuzaliwa kwa nyota hizo, ikawa ushahidi usiopingika kwamba nyota zinaitengeneza sasa, ndani yake, na kuipandisha hadi juu. Nani asiyeyajali haya? Mkulima wa Kiminini anunuaye mbolea ya kukuzia mahindi anunua naitrojeni, na muhindi wenyewe hujenga bua na punje kwa kaboni ya hewani. Na sehemu kubwa ya elementi hizo mbili ulimwenguni ilipikwa ndani ya majitu mekundu yaliyokufa kabla ya jua letu kuzaliwa, ikapeperushwa na ule upepo wao mwepesi, ikachanganyika na mawingu ya gesi ambamo jua na dunia vilipata asili yake.

Jua nalo litakuwa jitu jekundu. Haidrojeni ya katikati yake yatosha kwa miaka kama bilioni 5 zaidi, na hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 na Klaus-Peter Schröder na Robert Smith yaonyesha kwamba baada ya miaka ipatayo bilioni 7.6 kutoka sasa litakuwa limefikia kipenyo mara 256 ya cha leo, mwangaza wake ukiwa zaidi ya mara 2700, huku likiwa limekwisha kupoteza thuluthi ya uzito wake. Jua lililopungukiwa na uzito huilegezea dunia kamba, dunia ikasogea mbali. Lakini mvutano wa mawimbi baina ya dunia na ule mwili mpana huirudisha ndani, na kwa hesabu ya mabwana hao wawili, ndani ndiko kutakakoshinda. Bahari zetu hazitangoja mpaka hapo. Jua huzidi mwangaza kwa sehemu moja ya kumi hivi katika kila miaka bilioni moja, na ongezeko la kwanza tu la namna hiyo laweza kutosha kuzikausha.

Nisingependa kuwaacha bila kazi, khasa ninyi walimu na wanafunzi wa sekondari. Ibuti la Jauza, ambalo kwa uzito wake mkubwa huhesabiwa katika majitu makuu na litakufa kwa mlipuko, hubadilika mwangaza, na badiliko lake huonekana kwa macho matupu. Kwa kawaida huishinda Dabarani. Lakini kuanzia mwisho wa 2019 lilififia, na kufikia Februari 2020 lilikuwa hafifu kuliko Dabarani waziwazi, likilingana na nyota ya bega la pili la Jabari, kwa sababu lilikuwa limetema gesi iliyopoa na kuwa wingu la vumbi mbele ya uso wake. Badiliko lile lilifuatwa usiku baada ya usiku na watu wengi wasio na chombo. Chagueni usiku usio na mwezi, nyota hizo mbili zikiwa zimepanda vya kutosha, mzilinganishe, mwandike tarehe, saa, na ni ipi iliyozidi na kwa kiasi gani; rudieni kila juma mpaka Jabari azame magharibi mwezi wa Mei. Chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zibadilikazo, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea maandishi ya namna hiyo kutoka kwa mtu yeyote wa nchi yoyote, na nafasi ya Kitale na Bungoma, karibu kabisa na ikweta, yawapa watazamaji wetu mbingu za kaskazini na za kusini kwa pamoja. Na wale waamkao saa kumi alfajiri kukamua ng'ombe watazame mashariki, watakuta Kalbi Akrabu, moyo wa Nge, jitu kuu jingine jekundu, limekwisha kupanda. Wakifika Aprili, jioni, watazame kusini kwenye Salibu, ambapo nyota ya kichwani ni nyekundu ilhali wenziwe watatu ni weupe. Hiyo nayo ni jitu, umbali wake miaka ya nuru 88, na joto la uso wake ni chini kidogo ya lile la Dabarani.